Jinsi ya kuanzisha ulezi wa madaktari chipukizi katika tawi la chama

Tawi la chama cha madaktari likianza kufa, dalili hujitokeza kwenye kundi la WhatsApp kabla ya kujitokeza kwenye daftari la ada. Utaona rambirambi, heri za siku ya kuzaliwa, mtu anauza ploti Mamboleo, na tangazo la mkutano ambalo watu wanne wamelijibu kwa kidole gumba. Viongozi husema wanachama ni wabahili. Mara nyingi si ubahili. Daktari wa mwaka wa pili aliyeko Bondo au Port Victoria analipia leseni, anakatwa ada ya muungano, anasomesha wadogo zake, na ukimdai ada nyingine anajiuliza swali la haki: hii itanisaidia nini Jumatatu asubuhi nikiwa peke yangu wadini?

Ulezi ndio jibu la bei nafuu zaidi tunalolijua. Mkubwa mmoja kazini, chipukizi mmoja au wawili, miezi 12, na tawi linalofuatilia. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa matawi ya ukubwa wa Kisumu, Kakamega, Kisii au Nakuru, yenye wanachama kati ya 40 na 150. Maafisa wa kliniki na wauguzi wanaweza kuzichukua zilivyo, wabadilishe vyeo tu.

Kabla ya lolote, tenganisha nyumba tatu

Baraza la kusimamia madaktari nchini Kenya, yaani KMPDC, hutoa leseni na kusikiliza malalamiko dhidi ya daktari. Muungano wa wafanyakazi, yaani KMPDU, hupigania mishahara na mazingira ya kazi, na tangu huduma za afya zikabidhiwe kaunti mwaka 2013, mapambano hayo yako karibu na nyumbani kuliko zamani. Chama cha kitaaluma, kama KMA, yaani Chama cha Madaktari Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1968, hushughulikia elimu, ubora wa kazi na heshima ya taaluma. Andika hayo kwa sentensi tatu juu ya fomu ya kujiunga na ulezi. Usipofanya hivyo, kikao cha kwanza cha walezi kitageuka kikao cha marupurupu, na hakuna mwenyekiti atakayekirudisha njiani.

Hatua ya 1: Jua una nani

Daftari nyingi za matawi zina majina ya watu waliohamia Mombasa miaka sita iliyopita. Anza upya. Safu saba zinatosha: jina, kituo cha kazi, mwaka aliomaliza chuo, idara aliyomo sasa, simu, siku asizopatikana, na nani alimpigia na lini. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye kazi.

Gawa majina. Kamati ya watu sita, kila mmoja majina 15, wiki mbili, inamaliza watu 90. Piga simu, usitume ujumbe wa jumla. Usipige kati ya saa mbili na saa nne asubuhi kwa sababu watu wako kwenye raundi ya wadi. Saa saba mchana au saa moja jioni huwapata wengi. Maneno yawe machache:

“Daktari, habari za kazi? Napiga kutoka tawi la Kisumu. Sikupigii kwa ajili ya ada. Nina maswali matatu tu: uko idara gani sasa, ni nini kimekusumbua zaidi kazini mwezi huu, na ukikwama usiku unampigia nani?”

Kisha nyamaza. Swali la tatu huleta kimya cha kama sekunde tano, halafu jibu la kweli. Ukilijaza pengo hilo kwa maneno yako, utapata “niko sawa tu daktari” na simu itakatika. Andika jibu lilivyotoka.

Kwa madaktari wanagenzi, yaani walio katika mwaka wa mafunzo ya lazima, usinakili orodha ya hospitali kimyakimya. Mwombe mratibu wa wanagenzi awatangazie, nao walete namba zao wenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahusu hata daftari la tawi dogo: mtu aambiwe namba yake itatumika kwa kazi gani, na orodha nzima ikae kwa katibu. Haipandishwi kwenye kundi.

Hatua ya 2: Tafuta walezi pale wasipotangazwa

Kosa la kawaida ni kuwaendea wenye majina makubwa. Daktari bingwa mwenye kliniki tatu na kiti katika kamati nne atakubali kwa moyo mweupe, kisha hutamwona tena. Waliomaliza chuo miaka mitatu hadi minane iliyopita ndio huwafaa zaidi wanagenzi, kwa kuwa bado wanakumbuka zamu ya kwanza ilivyo. Mabingwa waachie walio kwenye njia panda ya kusomea ubingwa au kuingia utawala.

Majibu ya lile swali la tatu la simu ni hazina. Yahesabu. Majina yanayotajwa na watu watatu au zaidi ndio walezi wako, hata kama hawajawahi kusimama mbele ya mkutano. Ongeza chanzo kimoja ambacho matawi mengi hukisahau: muuguzi mkuu wa wadi ya kujifungua na wa chumba cha dharura. Waulize ni daktari gani huja akiitwa saa nane usiku, na akifika hufanya nini na yule kijana aliyemwita. Wao wanajua nani hufundisha na nani hufoka.

Ukiwapata, waketishe kwa saa mbili, mara moja, kabla ya kuwapa mtu. Mambo matatu tu: kusikiliza bila kutoa dawa haraka, mipaka, na nani wa kumpigia mambo yakimzidi. Mlezi asiyehudhuria hizo saa mbili asipewe chipukizi. Mtaogopa kumkatalia mkubwa, lakini asiyepata saa mbili mwanzoni hatapata dakika 45 kila mwezi.

Hatua ya 3: Kuoanisha

Kila upande ujaze fomu ya maswali matano: uko wapi, unapatikana lini, unataka kujua nini ndani ya mwaka huu, kuna mtu usiyetaka kuoanishwa naye, na je, ungependa mlezi wa jinsia yako. Swali la nne lisomwe na mratibu wa tawi peke yake.

Halafu kaa mezani na karatasi mbili. Zipo kanuni nne ambazo hazina msamaha. Mlezi asiwe mtu anayetia sahihi kitabu cha tathmini cha chipukizi, wala anayempangia zamu. Hakuna kijana atakayekiri kosa kwa mtu anayeshika matokeo yake. Mlezi mmoja asizidi watu wawili. Wasiwe ndugu wala wachumba. Na angalau mara moja kwa miezi mitatu waweze kuonana ana kwa ana: Kakamega iko kama kilomita 50 kutoka Kisumu, hilo linawezekana, lakini mlezi wa Nakuru na chipukizi wa Busia wataishia kwenye simu, na simu peke yake huchoka.

Zaidi ya hapo, oanisha kwa swali wala si kwa idara. Kijana anayetaka kuwa daktari wa upasuaji si lazima apewe daktari wa upasuaji. Kama swali lake ni “nawezaje kuishi na zamu hizi bila kuvunjika?”, mpe mtu aliyewahi kulijibu, awe wa watoto au wa macho.

Usioanishe kwa kabila eti waelewane. Lakini lugha ya wagonjwa ni jambo jingine. Kijana wa Garissa aliyepangiwa Homa Bay anahitaji mtu wa kumwandikia maneno ishirini ya wadi kwenye karatasi, kuanzia “Iwinjo rem kanye?”, yaani unasikia maumivu wapi. Hiyo karatasi ni zawadi nzuri kwa kikao cha kwanza kuliko kitabu chochote.

Hatua ya 4: Kikao cha kwanza

Hapa ndipo mpango mzima husimama au huanguka, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kwetu, mdogo hampigii mkubwa simu bila sababu nzito. Ni adabu. Tangazo linalosema “chipukizi wawasiliane na walezi wao” limekwisha kushindwa kabla halijasomwa: kijana anasubiri aitwe, mlezi anasubiri kutafutwa, miezi miwili inapita, na kila mmoja anaamini mwenzake hana haja naye. Weka kanuni: mlezi ndiye hupiga simu tatu za kwanza. Ya kwanza ndani ya siku saba tangu majina yatoke. Mratibu anathibitisha siku ya nane.

Mahali pawe pa wazi: kantini ya hospitali, mkahawa wa mjini mchana, benchi nje ya maktaba. Isiwe nyumbani kwa mtu, isiwe usiku, isiwe kwenye gari. Kanuni hii inalinda pande zote mbili, na iwe ya kila mtu, si ya wasichana pekee, maana ikiwa ya wasichana pekee walezi wanaume watawakwepa kabisa.

Dakika 60. Mlezi asianze na historia yake. Aulize: “Wiki iliyopita, ni saa ngapi uliogopa zaidi?” Swali hilo lina mahali na saa ndani yake, kwa hiyo jibu haliwezi kuwa “tuko sawa”. Baada ya hapo waandike makubaliano. Nusu ukurasa, kwa mkono, nakala mbili:

“Tutakutana mara moja kwa mwezi, Jumanne ya pili, saa kumi na nusu, dakika 45. Mwenye dharura ataarifu siku moja kabla na kutaja tarehe mpya papo hapo. Tutakayoongea hayatoki hapa, isipokuwa maisha ya mgonjwa au ya mmoja wetu yako hatarini. Hatutakopeshana pesa. Mambo mawili ninayotaka kuyatimiza kufikia Disemba ni: 1) …… 2) …… Yeyote anaweza kuomba kubadilishiwa mwenzake baada ya miezi mitatu bila kutoa sababu.”

Kifungu cha pesa huwachekesha watu. Kiache. Malipo ya wanagenzi yamechelewa mara kwa mara nchini, kijana ataishiwa, na mlezi mwema atatoa Sh5,000. Mwezi unaofuata kijana anakwepa kikao kwa sababu hajalipa. Mmempoteza kwa Sh5,000. Tawi likitaka kusaidia, liwe na mfuko mdogo wa dharura unaoombwa kwa mweka hazina, mbali na mlezi. Kifungu cha mwisho nacho ni muhimu: watu wawili wazuri wanaweza kutopatana, na bila mlango wa kutokea watabaki wakidanganyana kwa adabu mwaka mzima.

Hatua ya 5: Kufuata mzunguko wa idara

Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Uzinduzi hufana, picha hupigwa, kisha mwezi wa tatu kimya. Mwezi wa tatu si bahati mbaya. Mwanagenzi hupitia idara nne kubwa, yaani tiba, upasuaji, watoto, na uzazi na magonjwa ya wanawake, takriban miezi mitatu kila moja. Mwishoni mwa kila robo anahama: bingwa mpya, zamu mpya, hofu mpya. Ratiba ya vikao iliyopangwa akiwa kwa watoto haifai tena akiwa kwa uzazi. Hapo ndipo hupotea.

Dawa yake ni simu ya dakika 20 Jumapili jioni kabla ya kuingia idara mpya. Mlezi amuulize mambo matano: umejua nani yuko zamu na wewe wiki hii, unajua vifaa vya dharura viko wapi, ni jambo gani moja unaogopa kuitwa kulifanya, ni nani atakayekuonyesha kabla hujaitwa, na kikao chetu kihamie siku gani. Mwanagenzi anayeingia wadi ya kujifungua akiwa amekwisha kuona kabati la oksitosini, dawa ya kuzuia damu baada ya kujifungua, na friji yake huanza wiki akiwa mtu mwingine.

Mratibu wa tawi yeye anatuma ujumbe mmoja kwa mwezi kwa kila jozi: “Mmekutana? Ndiyo/La.” Neno moja linatosha. Akidai ripoti ya ukurasa mzima hataipata, au ataipata ya uongo. Jozi ikijibu “La” mara mbili mfululizo, mratibu anapiga simu.

Hatua ya 6: Jioni ya visa

Ulezi wa wawili wawili unahitaji mahali ambapo wote hukutana, la sivyo tawi halionekani. Fanyeni jioni moja kwa mwezi, dakika 60, chipukizi akileta kisa kilichomshinda.

Siku kwanza. Nyanza ina Wasabato wengi. Ukiweka Jumamosi umewafungia nje, ukiweka Jumapili umewafungia nje waliobaki. Alhamisi saa kumi na moja jioni, kumalizika saa kumi na mbili, inamruhusu wa Ahero au Maseno apate matatu kabla ya giza. Nakuru, mfikirie anayerudi Molo au Naivasha. Kiungo cha mtandaoni kiwepo kwa walio zamu. Ukumbi wa mihadhara wa hospitali hauna kodi. Mwandikie daktari msimamizi barua moja ya mwaka mzima badala ya kumsumbua kila mwezi.

Mpangilio: chai watu wakiingia, kisa dakika 10, maswali dakika 30, bingwa dakika 15, matangazo dakika 5. Matangazo yakienda mwanzoni yatakula nusu saa.

Kisa kiende hivi. Mama amejifungua saa nane usiku katika hospitali ya kaunti ndogo. Damu imepita mililita 500, oksitosini imetolewa, tumbo limesuguliwa, damu bado inatoka. Asidi ya traneksamiki, dawa nyingine ya kusaidia kuzuia damu, imefika baada ya dakika 40. Ukumbini kila mtu anajua kipimo: gramu 1 kwa mshipa, polepole kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Hakuna wa kufundishwa hapo. Mkubwa akisimama na kuuliza “kwa nini hukumpa mapema?”, kijana atajikunja na hataleta kisa tena, na wenzake watano waliokuwa wanafikiria kuleta chao watanyamaza. Akiuliza “saa hiyo nani alikuwa kando yako?”, kisa kinafunguka: muuguzi mmoja kwa wadi mbili, kabati limefungwa, ufunguo uko na mtu aliyekwenda nyumbani, na namba ya dereva wa ambulensi haijibiwi. Sasa kuna la kufanya kesho. Ufunguo wa pili. Boksi la dharura ukutani. Namba mbili za dereva.

Jina la mgonjwa, hospitali na tarehe viondolewe kabla ya kisa kufika kwa mwenyekiti. Picha za wagonjwa zisipite kwenye kundi, hata kama uso umefichwa. Mguu wenye kovu hutambulika kijijini.

Kuhusu pointi za mafunzo endelevu: daktari anahitaji 50 kwa mwaka ili leseni ihuishwe, kwa hiyo jioni zenye pointi hujaa. Omba ithibati mapema, kabla ya jioni ya kwanza; usitumaini kuipata baadaye. Daftari la mahudhurio lisainiwe mwishoni, si mlangoni. Likisainiwa mlangoni, nusu ya ukumbi itakuwa imeondoka kabla bingwa hajasimama.

Hatua ya 7: Kuwapa uongozi wenye uzito

Matawi mengi huwaita vijana “viongozi wa kesho” kisha huwapa projekta wabebe. Kuandika majina mlangoni si uongozi. Tumia ngazi hii ndani ya mwaka: mwezi wa pili, chipukizi aandike kumbukumbu za kikao, ukurasa mmoja, ndani ya saa 48. Mwezi wa nne, ashike bajeti ya jioni moja, arudishe risiti na chenji. Mwezi wa sita, aongoze jioni ya visa, pamoja na kazi ngumu ya kumkatiza mkubwa anayeongea sana. Mwezi wa tisa, aandike barua ya tawi kwa afisa mkuu wa afya wa kaunti, labda kuhusu ule ufunguo wa pili, na aifuatilie ofisini mpaka ipigwe muhuri wa kupokelewa.

Barua ikija na makosa, katibu asiiandike upya. Aiwekee alama na kuirudisha, hata mara mbili. Inachosha. Lakini mwaka ujao atakuwa na mtu wa kuandika barua.

Kumpa kijana kiti chenye kura kwenye kamati kuu hugusa katiba, na chama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama hakibadilishi katiba bila idhini ya Msajili. Kama tawi lenu ni sehemu ya chama cha kitaifa, katiba hata si yenu kuibadilisha. Msisubiri. Undeni kamati ndogo ya ulezi, nusu yake wawe waliomaliza chuo chini ya miaka mitano, na muipe fungu lake la pesa. Kamati bila fungu ni kundi jingine la WhatsApp.

Hatua ya 8: Pesa

Mfano wa mwezi mmoja, watu 30: chai na maandazi kwa Sh100 kila mtu, Sh3,000, bando za simu kwa walezi 15 kwa Sh200, Sh3,000, nauli ya watoa visa wawili wa mbali, Sh1,600, kuchapa, Sh400. Jumla Sh8,000. Kwa miezi 10 ni Sh80,000, yaani Sh1,000 kwa mwaka kwa kila mmoja katika tawi la watu 80. Ukiliweka hivyo mbele ya wanachama, watu hulipa.

Pesa ziingie kwenye akaunti ya tawi yenye watia sahihi wawili au zaidi, kupitia namba ya malipo ya tawi. Zisiingie kwenye simu ya mweka hazina, awe mwaminifu namna gani. Ukurasa mmoja wa mapato na matumizi upandishwe kundini kila robo, bila kuombwa.

Kampuni za dawa zitajitolea kulipia chakula cha jioni hotelini Milimani. Mkikubali, ziwe na dakika 10 baada ya kikao kufungwa, na zisichague mada wala mzungumzaji. Binafsi tungekataa katika mwaka wa kwanza. Watu wakizoea kuku, hawatarudi kwa maandazi, na hutajua walikuwa wanakuja kwa nini.

Yanayovunja mpango

Mlezi anayemfanya chipukizi kibarua. Huanza kwa “nishikie kliniki Jumamosi, ujifunze” na huishia zamu za kila wiki kwa malipo ya soda. Kanuni: katika miezi 12 hakuna kazi ya kulipwa kati yao. Tatizo linalofanana na hilo ni utafiti: kijana anakusanya data ya miezi sita na jina lake linatokea la mwisho, au halitokei. Mpangilio wa majina uandikwe kabla ya faili la kwanza kufunguliwa.

Unyanyasaji. Tangazeni majina mawili ya kupokea malalamiko, mmoja awe mwanamke, na wote wasiwe wa hospitali moja na wanaolalamika au kulalamikiwa. Mlezi anayelalamikiwa anasimamishwa siku hiyo hiyo, suala likichunguzwa. Lisimalizwe “kinyumbani”.

Mgomo. Ule wa 2016/2017 ulifika siku 100, wa 2024 siku 56. Vikao vya wadini hufa lakini simu isife. Mlezi asimuulize kijana anaunga mkono upande gani, na wakuu wa hospitali walio walezi wasiwapigie chipukizi wao kuwarudisha kazini. Ongeeni kuhusu usingizi, kodi ya nyumba na kusoma.

Kuchoka kulikopita kuchoka. Kijana anayeacha kula na wenzake, anayenuka pombe asubuhi, anayesema wagonjwa wangekuwa salama zaidi bila yeye. Mlezi si mtabibu wake. Awe na majina mawili ya wataalamu wa afya ya akili walio nje ya hospitali anayofanyia kazi kijana, na ampeleke mwenyewe, siku hiyo. Kijana hataenda palipo na faili lake kwenye kabati la wenzake.

Uhamisho. Barua hutoka leo, Jumatatu anatakiwa Lodwar. Mlezi apige simu ya watu watatu: yeye, chipukizi, na mwenyeji wa huko. Dakika kumi zinatosha.

Kuhesabu mwishoni

Hesabu vitu vinne. Jozi ngapi zilikutana mara nane au zaidi kati ya 12. Visa vingapi vililetwa na chipukizi wenyewe. Mambo mangapi yalibadilika kwenye wadi kutokana na visa hivyo, kila moja likiwa na tarehe. Chipukizi wangapi wamejaza fomu ya kuwa walezi. Usihesabu waliohudhuria uzinduzi.

Mwezi wa 11 wa mpango, mpigie kila mmoja tena na uulize lile swali la tatu: ukikwama usiku unampigia nani? Linganisha na jibu la mwanzo kwenye daftari. Fomu za mwaka ujao zitoke wiki hiyo hiyo, kabla wanagenzi hawajapata barua za vituo vipya na kubadilisha namba.